Shajara ya mradi: Kufuata mipaka ya maji bahari kuu inapopoa

Lengo

Mradi huu ni wa kuandika hali ya bahari kuu, safari kwa safari, tangu joto la maji lifike kileleni mpaka bahari ipoe kabisa, na kumwoanisha kila samaki aliyekamata chambo na maji aliyokutwa ndani yake. Tunawinda wale wakubwa wa mshipi: jodari, marlini, sulisuli, fulusi na wahu. Ninachokitaka mwishoni ni jedwali ambalo nahodha atalifungua jioni na kuamua mambo mawili: kesho tutoke au tusitoke, na tukitoka twende upande gani.

Wengi katika mchezo huu huipandisha boti nchi kavu mara hewa inapogeuka baridi. Naamini wanakiacha kipindi chenye habari nyingi kuliko vyote. Wakati wa joto kali, uso wa bahari huwa na joto lilelile karibu kila mahali. Ukifungua picha ya setilaiti unaona rangi moja kutoka pwani hadi kina kirefu. Mikondo ipo na mizunguko ya maji ipo, ila imefunikwa na tabaka la maji moto lisilo nene. Wanaofuatilia mkondo mkubwa wa Ghuba ya Meksiko wanaijua shida hii: katikati ya kiangazi mkondo ule karibu hupotea kwenye picha za joto la uso, ingawa unakimbia kama siku zote. Baridi ikianza, mfuniko ule unavunjika na mipaka iliyokuwa imejificha inatokea juu. Hilo ndilo ninalolifuata humu.

Vifaa, na kuvipima kabla ya kuviamini

Chini ya boti kuna kihisi kinachosoma joto la maji kama nusu meta kutoka usoni. Kifaa cha pili kinaenea kiganjani na hurekodi joto na kina kila sekunde. Tunakifunga juu ya chubwi (risasi ya kuzamishia) ya kilo 3 na kukishusha hadi meta 150 injini ikiwa haivuti. Kipo kipimakina cha sauti, ipo barometa, na kila jioni nachukua picha za setilaiti za aina tatu: joto la uso, klorofili (rangi ya kijani ya mimea midogo ya majini), na kimo cha uso wa bahari. Kwa hali ya ndani ya bahari kwa upana zaidi nasoma vipimo vya Argo, yale maboya karibu 4,000 yaliyotawanyika katika bahari za dunia, ambayo kila baada ya siku 10 hupanda kutoka meta 2,000 yakipima joto na chumvi njia nzima. Data zake ziko wazi kwa yeyote.

Kabla ya kwenda popote, kifaa cha kushusha kiliingizwa kwenye ndoo ya barafu. Barafu iliyopondwa ikichanganywa na maji yasiyo na chumvi hutulia kwenye nyuzi 0, kwa hiyo hakuna haja ya maabara. Kilisoma 0.1. Kisha kihisi cha boti kikalinganishwa nacho baharini, kikaonekana kinasoma juu kwa 0.4, kwa kuwa kimefungwa karibu na chumba cha injini. Kila namba ya uso iliyomo humu imeshapunguzwa 0.4. Tunatafuta mipaka ambayo wakati mwingine ni ya nusu nyuzi tu, na kihisi ambacho hakijapimwa kinaweza kukuonyesha mpaka usiokuwepo kila mara injini inapopata moto.

Uso nyuzi 27.3, pwani 27.1

Hewa ya asubuhi imeshaanza kuwa nyepesi lakini bahari bado iko kileleni. Hili huwashangaza wageni. Maji hushika joto kwa muda mrefu, kwa hiyo bahari huchelewa nyuma ya hewa kwa wiki kadhaa. Kaskazini mwa dunia kilele chake kwa kawaida huangukia Agosti au Septemba, na kusini Februari au Machi, wakati ambapo siku zimeshaanza kufupika.

Tulishusha kifaa mahali penye kina cha meta 400. Kutoka usoni hadi meta 35 joto halikubadilika hata kwa nusu nyuzi. Kuanzia hapo likaporomoka: meta 50 lilikuwa 23.8, meta 70 likawa 19.2. Huko kuporomoka ndiko termoklini, na kwenye kipimakina ilionekana kama utepe wa ukungu, kwa sababu planktoni na viumbe wadogo hukusanyika hapo na kurudisha sauti.

Picha ya kuona ni hii: samaki wote wa maji ya moto wamebanwa ndani ya tabaka la meta 35, na wachache wanaochungulia chini yake hawaendi mbali. Jodari wa mapezi ya njano waliofuatwa na watafiti kwa visambazaji vya sauti walionekana wakitumia muda wao mwingi katika tabaka la juu, na ni mara chache walikaa kwenye maji yaliyopungua zaidi ya nyuzi 8 kutoka joto la uso. Misuli yao inahifadhi joto, lakini moyo unapata joto lilelile la maji yanayopita kwenye mashavu, na ukipoa unapiga polepole. Jodari macho makubwa huvumilia zaidi na huzama mbali kuliko hapo. Nikitoa 8 kutoka 27.3 napata 19.3, yaani meta 70. Kwa hiyo chumba kizima cha jodari wa mapezi ya njano, siku hiyo, kilikuwa na kimo cha meta 70.

Ndiyo maana wakati wa joto kurambaza juu juu, yaani kuvuta chambo nyuma ya boti inayotembea, kunatosha. Fulusi walikuwa chini ya gogo linaloelea, sehewa walirukaruka, na chambo bandia kilichokwenda noti 8 (maili 8 za baharini kwa saa) juu ya maji kilionekana na kila mwenye macho ndani ya tabaka lile. Habari za mahali, hata hivyo, zilikuwa haba. Picha ya setilaiti ilikuwa ya rangi moja, na nikajikuta nategemea kimo cha uso wa bahari peke yake. Picha hizo zimekuwepo mfululizo tangu setilaiti ya TOPEX/Poseidon iliporushwa mwaka 1992, na zinafaa kwa kuwa mzunguko wa maji ya joto huinua uso wa bahari kwa sentimeta kadhaa huku ukiizamisha termoklini, na ule wa maji baridi hufanya kinyume chake. Hata rangi ya joto ikiwa moja, kilima na bonde vinaonekana.

Uso nyuzi 26.1, upepo umegeuka

Ukingo wa kwanza wa hewa baridi ulipita usiku. Barometa ilishuka kuanzia mchana, ikagusa chini kabisa muda upepo ulipogeuka, kisha ikapanda kwa kasi. Kupanda huko kusimfurahishe mtu mapema. Upepo mkali kwa kawaida huja nyuma ya ukingo, wakati sindano imeshaanza kurudi juu.

Hatukutoka. Utabiri ulisema mawimbi ya meta 2, na kijana wetu wa chambo akauliza, "Nahodha, si wiki iliyopita tulitoka na meta 2 hizihizi?" Nahodha akamwonyesha namba ya pili kwenye utabiri, ile ambayo wengi hawaitazami: sekunde kati ya kilele cha wimbi na kilele kinachofuata. Wiki ile zilikuwa sekunde 12. Safari hii zilikuwa 6.

Nataka kukaa hapa kidogo, maana kwenye msimu wa kupoa namba hii inaamua mengi kuliko kimo chenyewe. Katika maji ya kina, urefu wa wimbi kwa meta ni takriban 1.56 mara sekunde zake zikizidishwa zenyewe. Sekunde 12 ni wimbi la meta 225 kutoka kilele hadi kilele. Boti inapanda polepole, inashuka polepole, na fimbo zinabaki mahali pake. Sekunde 6 ni meta 56 tu. Kimo ni kilekile lakini mteremko ni mkali mara nne, na boti ya meta 10 inaangukia omo yake, yaani sehemu ya mbele, kwenye wimbi linalofuata kabla haijamaliza lile la kwanza. Tena kimo kinachotangazwa ni wastani wa theluthi ya juu ya mawimbi. Katika saa chache za bahari ileile linaweza kuja wimbi moja lenye karibu mara mbili ya kimo hicho.

Juu ya hayo, upepo mpya ulikuwa ukivuma kinyume na mkondo. Mkondo unapokutana na mawimbi uso kwa uso huyafupisha na kuyasimamisha. Mfano maarufu ni mkondo wa Ghuba kando ya Florida: unakwenda kaskazini, na majira ya baridi upepo wa kaskazini ukija nyuma ya hewa baridi, bahari pale husimama kama kuta. Na bado ndizo siku ambazo wavuvi wa Florida huzingojea, kwa kuwa sulisuli hushuka kusini wakipanda migongo ya mawimbi hayo, mikia ikionekana juu ya maji. Samaki wanapenda hali ambayo boti inaiogopa. Uamuzi wetu, ambao umeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa jedwali: mawimbi ya upepo kinyume cha mkondo yakiwa chini ya sekunde 7 na zaidi ya meta moja na nusu, boti inalala bandarini, hata ikisemwa samaki wanaruka wenyewe.

Hewa baridi juu ya maji moto ina tabia nyingine iliyonipa kazi. Maji huipasha hewa ya chini, hewa hiyo inapanda, na ile ya juu yenye kasi inashuka mahali pake. Matokeo ni upepo wa kugonga na kuachia, na kila kipigo kina nguvu kuliko wastani uliotabiriwa. Sasa naandika wastani na kipigo katika safu mbili tofauti. Kwa wastani wa noti 13 nimesoma vipigo vya 20.

Uso nyuzi 25.2 kwenye mkondo, 23.4 upande wa pwani

Hii ndiyo siku ambayo mradi ulianza kulipa.

Usiku wa kuamkia safari, picha ya setilaiti haikuwa tena ya rangi moja. Maji ya pwani ni mafupi, hayana akiba ya joto chini yake, kwa hiyo hupoa upesi. Maji ya mkondo ni marefu na yanaendelea kuletwa mapya kutoka kwenye joto. Tofauti iliyokuwa 0.2 sasa ilikuwa 1.8. Kati ya rangi mbili ukaonekana mstari unaopinda, na mahali pamoja ulijikunja na kuingia ndani kama maili 5, ukafanya mfuko wa maji ya joto uliozungukwa na maji baridi pande tatu. Picha ya klorofili ilikuwa na kona hiyohiyo. Kimo cha uso wa bahari kilionyesha bonde upande wa ndani na kilima upande wa nje. Picha tatu zikikubaliana juu ya kona moja, huko ndiko pa kwenda.

Picha hata hivyo ilikuwa ya jioni, na sisi tulifika saa tatu asubuhi. Setilaiti za mwanga wa infraredi husoma ngozi ya bahari isiyofika hata milimeta moja, na haziwezi kupita kwenye mawingu, ambayo huongezeka msimu huu. Zile za mikrowevu hupita kwenye wingu lakini picha yake ni ya kilometa kumi kadhaa kwa kila nukta, pana mno kwa kazi yetu. Siku ya shwari na jua kali ngozi ile hupata joto la uongo, kwa hiyo nimezoea kuchagua picha za usiku. Tulifika kwenye nukta tuliyoiandika na hapakuwa na kitu: 23.5, maji ya kijani, hakuna ndege. Nahodha akageuza omo kuelekea nje, akifuata mwendo wa mkondo tangu saa ya picha, na baada ya maili 4 kijana wa chambo akaonyesha kwa kidole.

Mpaka wenyewe ulionekana kwa macho matupu. Upande wetu maji yalikuwa ya kijani yenye vumbi ndani yake. Ng'ambo yalikuwa ya buluu iliyoiva, safi, ukitazama unaona miale ya jua ikizama. Katikati kulikuwa na mstari wa povu, mwani na matawi, upana wake haufiki meta 3, unapinda mpaka macho yanapokoma. Upande wa kijani maji yalikuwa na vijiwimbi vya kuchemkachemka. Upande wa buluu yalilala. Kihisi kilisoma 23.6, 23.8, 24.7, 25.1, ndani ya muda wa kuhesabu pumzi chache. Panzi wa baharini waliruka kutoka kwenye omo, na wote walirukia upande wa buluu.

Sababu ya mkusanyiko huu haina siri. Maji mazito ya baridi yanapokutana na mepesi ya joto, yale mazito hupenya chini, na kila kinachoelea hakiwezi kuzama nayo. Kinabaki kwenye mstari. Planktoni hufuata, dagaa na vibua hufuata planktoni, na mwindaji anayetegemea macho hukaa upande wa maji safi, karibu na ukuta, akingoja wanaopotea njia. Ndiyo maana tulirambaza upande wa joto, sambamba na mstari, tukiuvuka kwa nadra na kwa pembe ndogo ili vyambo vyote visiingie maji machafu kwa wakati mmoja.

Marlini alikuja kwenye chambo cha mkono wa kulia, cha chuchunge, kasi yetu ikiwa noti 6. Tulimwona kwanza kama kivuli cha kahawia kinachokua, kisha rangi ikawaka: mistari ya buluu ya umeme ubavuni, mapezi ya kifua yakimeremeta. Alikipiga kwa mdomo, akazama, akageuka na kukichukua kutoka upande. Ndoana ilikuwa ya duara, kwa hiyo mshika fimbo hakukung'uta. Aliacha mshipi ukaze wenyewe, na ndoana ikashika kwenye pembe ya taya kama inavyotakiwa. Breki ya rili ilikuwa imewekwa kwenye theluthi ya nguvu ya mshipi kwa mizani, kabla hatujatoka. Samaki huyu hakupandishwa. Alivikwa lebo akiwa majini, akavutwa taratibu kando ya boti mpaka mkia wake ulipoanza kusukuma wenyewe, akaachiwa. Joto la maji alipokula: 24.9. Umbali kutoka kwenye povu: kama meta 200, upande wa joto.

Kuhusu lebo, kazi hii ya wavuvi wa mchezo kuwa macho ya sayansi ina historia ndefu. Mwaka 1954 Frank Mather wa Woods Hole, Marekani, alianza kuwapa wavuvi lebo za kuwavika samaki, na jimbo la New South Wales nchini Australia lilianzisha mpango wake mwaka 1973. Kila lebo inayoandikwa kwa usahihi, yenye tarehe, mahali na makisio ya uzito, ni safu moja katika jedwali kubwa kuliko langu.

Uso nyuzi 23.4, mipaka mingi, samaki wachache juu

Sasa picha za setilaiti zimejaa mistari. Kila wiki naona zaidi, na bado vyambo vya juu vimenyamaza. Jibu lilitoka kwenye chubwi.

Tuliposhusha kifaa, joto lilikuwa 23.4 usoni, 23.3 kwenye meta 40, na 23.1 kwenye meta 80. Kuporomoka kulianzia hapo, meta 130 ikasoma 17.0, na kifaa kilipofika mwisho wa mshipi wake kwenye meta 150 kilisoma 15.6. Maji ya juu yakipoa huwa mazito, yanazama, yanasukuma yaliyo chini kupanda, na upepo unakoroga kazi hiyo usiku na mchana. Tabaka lililokuwa la meta 35 limekuwa la meta 80. Nikirudia hesabu ya nyuzi 8: 23.4 ukitoa 8 ni 15.4, ambayo haikufikiwa hata kwenye meta 150.

Chumba cha jodari kimekua zaidi ya maradufu, na jodari ni walewale. Hawajaondoka. Wametawanyika kwa kwenda chini, na chambo kinachoruka juu ya uso kinapita juu ya vichwa vyao bila kuonekana. Mvuvi anayetazama kipimajoto cha uso peke yake atasema maji yamepoa na samaki wamekwenda zao. Kwa jodari wa mapezi ya njano, maji ya 23 bado ni nyumbani kabisa.

Tumebadilisha mtindo. Vyambo viwili vinabaki juu, na viwili vinashushwa kwa chubwi hadi meta 20 na 40. Kasi imepungua hadi noti 4 hivi, kwani chambo cha samaki halisi hakivumilii kasi kikiwa kimebebwa na uzito. Tunatazama kipimakina kuliko tulivyotazama ndege. Asubuhi mapema tabaka la viumbe lililopanda usiku bado linaonekana kwenye skrini likishuka. Ni kundi lile ambalo hufuata giza kuja juu na kurudi kilindini mwanga ukija. Tukalifuata kuteremka, na saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza chambo cha meta 40 kikachukuliwa.

Jodari huyo alibaki nasi kwa kitoweo. Tumboni mlikuwa na ngisi wadogo na vibua wawili ambao mmoja bado alikuwa na magamba. Hakuwa na panzi hata mmoja. Naandika kila tumbo, kwa sababu linaniambia alikuwa akila kwenye kina gani kabla hajakutana nasi. Nilipokipenyeza kifaa cha joto kwenye mnofu karibu na uti wa mgongo, kilisoma nyuzi kadhaa juu ya maji aliyotoka. Jodari ana mtandao wa mishipa ya damu iliyolala sambamba, ambamo damu ya moto inayotoka kwenye misuli huipasha ile ya baridi inayorudi kutoka kwenye mashavu, joto lisipotee baharini. Kusoma hilo nilikuwa nimesoma, lakini kulishika kwa mkono ni jambo lingine.

Kwa watu, maana nao wanapoa

Sehemu hii nitaipita upesi lakini haipungui uzito. Maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa. Chini ya nyuzi 15 mtu anayeanguka ghafla hupigwa na mshtuko wa baridi: hushindwa kuzuia pumzi katika dakika ya kwanza, na hapo ndipo wengi huzama, muda mrefu kabla mwili haujapoa. Maji yetu hayajafika huko. Ila mtu aliyelowa kwenye upepo wa noti 15 hupoteza nguvu za vidole, na vidole ndivyo vinavyoshika lida (kipande kigumu cha mwisho wa mshipi) ya marlini. Jaketi okozi huvaliwa tangu gatini. Kirusha ishara za dharura ni cha megahezi 406, kimesajiliwa kwa jina la boti. Vile vya zamani vya 121.5 peke yake havisikilizwi tena na setilaiti tangu mwaka 2009. Siku zimefupika, kwa hiyo saa ya kugeuza inaandikwa ubaoni kabla ya kung'oa nanga, na samaki anayekula dakika tano baada ya saa hiyo hatubadilishii ratiba.

Grisi ya breki za rili huwa nzito asubuhi za baridi. Tunavuta meta chache za mshipi kwa mkono kabla ya kuzipima kwa mizani.

Uso nyuzi 21.6

Fulusi wametoweka kwenye kumbukumbu zetu. Wahu bado wapo kwenye ukingo wa mteremko, ambapo kina kinatoka meta 100 hadi 300 kwa ghafla, na wanataka kasi: noti 12 na zaidi, chambo kizito cha chuma chenye waya, maana meno yao hayabakizi nailoni. Ni samaki pekee ambaye kwake sijaona sababu ya kupunguza mwendo.

Kwenye ukingo huohuo kipimakina kinaonyesha ngisi wengi kwenye meta 200 na zaidi. Huo ni mlango wa sansuri, samaki mwenye mdomo kama upanga, ambaye mchana hukaa mamia ya meta chini na usiku hupanda kuwafuata. Ana kiungo maalumu kinachopasha joto macho na ubongo, kwa hiyo kupoa kwa uso hakumhusu sana. Kwake cha kupanga ni mwezi na ukubwa wa mkondo, na ukurasa wake nimeufungua upya, mbali na wa jodari.

Mahali pengine duniani kipindi hiki ndicho kinachofungua pazia la jodari wa mapezi ya buluu: kando ya North Carolina huwa ni majira ya baridi, na kando ya Portland, Victoria, jodari wa buluu wa kusini huvuliwa kuanzia majira ya majani kupukutika. Samaki hao wana uwezo mkubwa wa kujipasha, hivyo wanakwenda kwenye maji baridi kutafuta shibe ambayo wengine hawawezi kuifuata.

Jambo moja zuri kwa wanaoachia samaki: maji baridi hubeba oksijeni nyingi zaidi. Sulisuli tuliyemvika lebo kwenye nyuzi 21.8 alisimama wima na kuondoka karibu mara tu baada ya kuachiwa. Wale wa nyuzi 27 tulilazimika kuwavuta taratibu kwa dakika kadhaa kabla hawajapata nguvu.

Jedwali lilipofika

Safu zilizothibitika kuwa na faida, kwa mpangilio wa uzito wake, ni hizi: tofauti ya joto kati ya pande mbili za mpaka, kina cha tabaka la juu, usafi wa maji, na sekunde za wimbi. Joto la uso likisimama peke yake limeangukia chini kabisa. Tumekamata kwenye 27 na tumekamata kwenye 22. Tuliporudi mikono mitupu, karibu kila mara tulikuwa kwenye maji yasiyo na mpaka, au tulikuwa juu ya mpaka mzuri huku vyambo vyote viko meta 30 juu ya samaki.

Kinachofuata ni kuongeza mshipi wa kifaa ufike meta 250, kwani termoklini imeanza kukimbia nje ya uwezo wake. Nahitaji pia kifaa cha pili cha kukaa juu ya chubwi ya kurambazia, ili kina cha chambo kisomwe badala ya kukisiwa kwa pembe ya mshipi. Mkondo ukiwa na nguvu, chambo tunachokiita cha meta 40 huenda kiko meta 28. Na picha za usiku za setilaiti zimeanza kukatwa na mawingu siku nyingi mfululizo, kwa hiyo kuanzia safari ijayo tutavuka ukingo wa mteremko kwa mstari ulionyooka, kihisi kikirekodi maili baada ya maili, na kuichora ramani ya siku hiyo sisi wenyewe kabla ya kushusha chambo cha kwanza.